Mashine Iliyoachwa na Mlezi Wake

Ndugu msomaji, mashine huzeeka kwa njia mbili. Njia ya kwanza unaijua, maana unaiona kila siku barabarani na nyumbani: chuma hushika kutu, mpira hukauka, waya hukatika, na hatimaye mashine hugoma. Njia ya pili haionekani kwa macho. Mashine ni nzima, inawaka, inafanya kazi uliyoizoea, lakini aliyeitengeneza ametangaza kwamba kuanzia tarehe fulani hataiangalia tena. Hataisahihisha ikikosea, hataikinga ikishambuliwa, wala hatakujibu ukimwuliza habari zake. Tangu siku hiyo mashine inabaki duniani bila mlezi.

Jambo hili limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za mijini. Kompyuta nyingi tulizonazo hutumia mfumo endeshi uitwao Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mfumo endeshi ndiyo ile programu kuu inayoiamrisha mashine na kuzipa programu nyingine zote mahali pa kukaa. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliachwa na mtengenezaji tarehe 8 Aprili 2014. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, iliachwa tarehe 14 Januari 2020. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha wakaongezewa mwaka mmoja tu wa masahihisho ya usalama. Mfumo uliokuja baada ya hapo unadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo mfanyakazi aliyejinyima akanunua kompyuta ya mtumba ili watoto wajifunze, siku moja hukuta maandishi kwenye kioo yakimwarifu kwamba mashine yake imekwisha muda, ilhali yeye anaiona inafanya kazi kama jana.

Kwa mwenye kuandika barua au kutunza hesabu za duka, hasara ya jambo hili si kubwa sana. Lakini ziko kompyuta zenye kazi nzito zaidi. Ziko zinazoulizwa: daraja hili liwe na upana gani? Ukuta huu utahimili maji kiasi gani? Bomba hili litapasuka au halitapasuka? Jibu la mashine hizo halibaki kwenye karatasi. Linageuka kuwa zege na nondo, na watu wazima na watoto hupita juu yake. Je, kompyuta ya namna hiyo ikiachwa na mlezi wake, tuendelee kuiamini? Swali hili lilinijia nilipokuwa katika safari ya kikazi pwani ya Kilwa, na ndilo ninalotaka tulitazame pamoja leo.

Wanaotoka Kusini hawahitaji kuelezwa maana ya barabara inayokatika. Kwa miaka mingi Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na msafiri wa Lindi au Mtwara hakuwa na hakika ya siku atakayofika. Mwaka 2003 lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970, watu wa Kusini walipumua. Hata hivyo daraja moja kubwa haliwezi kuilinda barabara nzima. Baada ya Rufiji barabara hiyo huvuka mito na vijito vingi vinavyoshuka kuelekea bahari, na vingine huonekana vikavu sehemu kubwa ya mwaka. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu upande wa Mafia, mvua kubwa ikanyesha, na maji yakaikata barabara kuu katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Magari ya abiria na mizigo yalikwama pande zote mbili. Aliyekuwa na mgonjwa wa kumpeleka Dar es Salaam alikwama naye, na aliyekuwa na samaki aliwatazama wakiharibika.

Kiangazi kilipoingia nilisafiri kwenda huko kuandika habari za wananchi wanaojenga upya vivuko vya njia zao za ndani, zile ambazo haziandikwi sana magazetini. Ndipo nilipoonana na mhandisi mmoja, binti wa miaka ishirini na kitu, ambaye kazi yake ilikuwa kupima vijito na kueleza kila kijito kijengewe nini: kalvati, daraja dogo, au kivuko cha zege cha kupitisha maji juu. Sitataja jina lake wala la ofisi yake. Chumba chake kilikuwa kidogo, dirisha linaelekea baharini. Juu ya meza palikuwa na kompyuta ya mezani ambayo rangi yake nyeupe ilikwisha kuwa ya manjano, na kando yake daftari kubwa la jalada gumu.

“Hii, kaka, inatumia Windows 7,” aliniambia. “Mwenyewe amekwisha kuiacha. Hata betri yake ya saa imekufa, kila nikiiwasha inadhani tuko miaka ile ilipozaliwa. Lakini kazi yangu inafanya.”

Nilimwuliza ni kazi gani hasa. Akafungua programu iitwayo HEC-RAS. Programu hii imetengenezwa na kituo cha uhandisi wa maji cha jeshi la Marekani kilichopo Davis, California. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1995, na hutolewa bure kwa yeyote anayeihitaji, ndiyo sababu imeenea hata katika ofisi zisizo na fedha. Mhandisi huipa umbo la kijito alilolipima kwa miguu yake: upana, kina, mteremko, mawe au majani yaliyomo. Kisha huiambia mvua ya namna gani inyeshe na maji kiasi gani yaje. Programu hukiiga kijito hicho kwa tarakimu, na huonyesha maji yatapanda hadi wapi na yatakimbia kwa kasi gani. Kazi ya namna hii ndiyo huitwa uigaji. Mafuriko yanaletwa mezani kabla hayajaja bondeni, ili kosa lifanyike katika tarakimu, mahali ambapo halimwui mtu.

Faida ya jambo hili mtu wa Kilwa anaweza kuielewa haraka kuliko mtu mwingine, kwa kuwa anaishi karibu na ushahidi wake. Vuka kwenda Kilwa Kisiwani ukautazame Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa katika karne ya 11, na katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ukapanuliwa sana kwa matao na makuba. Wajenzi wale walikuwa mabingwa wa mawe ya matumbawe na chokaa. Hata hivyo sehemu ile iliyopanuliwa ilikuja kuanguka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya kwa nguzo za namna nyingine. Siwalaumu hata kidogo. Wao hawakuwa na njia ya kuuliza swali kabla ya kujenga. Jengo lenyewe ndilo lililokuwa mtihani, na jibu lilikuja kwa kishindo. Sisi leo tunaweza kuuliza kwanza. Lakini uwezo huo una masharti yake, na sharti la kwanza ni kwamba yule tunayemwuliza awe anasema kweli.

Sasa turudi kwenye kompyuta ya manjano. Kwa nini mhandisi asiweke programu mpya na mfumo mpya, akaepukana na wasiwasi? Sababu si uvivu. Mashine ile ni ya biti 32, yaani jinsi ilivyoundwa haiwezi kutumia kumbukumbu zaidi ya kama gigabaiti 4 kwa wakati mmoja. Matoleo mapya ya programu yanataka kompyuta za biti 64. Ukilazimisha toleo jipya juu ya mashine ya zamani, ama halitawaka kabisa, ama litawaka kwa hila za mafundi, na hapo hujui tena ni nini kinachofanya hesabu. Yeye alikuwa na toleo la 4.1, la mwaka 2010, ambalo lilitengenezwa kwa ajili ya mashine za umri ule. Mfumo wa zamani, programu ya zamani na kompyuta ya zamani vilikuwa vimekwisha kuzoeana.

Na bei? Kompyuta mpya yenye nguvu ya kazi za kihandisi ni mshahara wa miezi mingi. Tena ziko programu nyingine za uhandisi ambazo hazitolewi bure kama hii. Leseni zake hufungwa kwenye mashine moja, na mashine hiyo ikifa leseni hufa nayo. Ndiyo maana katika viwanda na vyuo vingi duniani, si kwetu tu, utakuta kompyuta moja kuukuu imewekwa pembeni kwa heshima kama bibi wa nyumba, haiguswi wala haihamishwi, kwa sababu kazi fulani haifanyiki pengine popote.

Hata hivyo hatari iko, na ni hatari ya kimya. Lori bovu hupiga kelele, hutoa moshi, hukusimamisha njiani. Kompyuta inayokosea hesabu hukupa jibu kwa adabu ileile na kwa tarakimu safi zilezile. Mwaka 1994 profesa mmoja wa hisabati wa Lynchburg, Virginia, Thomas Nicely, aligundua kwamba chipu za Pentium za kampuni ya Intel, zilizokuwa mpya na za kisasa wakati ule, zilikosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya. Mfano uliojulikana sana ni huu: ukigawanya 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu sahihi ni 1.33382. Chipu ile ilitoa 1.33374. Ni tofauti ndogo, ambayo huwezi kuiona kwa jicho, lakini hesabu ya uigaji hufanya migawanyo mamilioni kwa mamilioni, na kosa dogo likizaa huzaa makubwa. Mwanzoni kampuni ililipuuza. Kelele zilipozidi, mwezi Desemba 1994, ilikubali kubadilisha chipu hizo, na ikatenga dola milioni 475 kwa kazi hiyo.

Angalia vizuri somo la mkasa huo. Mashine ilikosea, lakini mlezi alikuwapo. Alishikwa shati, akawajibika, watu wakapewa chipu nyingine. Sasa jiulize: chipu ya kumbukumbu ikianza kuchoka ndani ya kompyuta iliyoachwa, katika hewa ya chumvi ya pwani, chini ya umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, ni nani atakayepiga mbiu? Hakuna. Kazi ya mlezi imemwangukia mtumiaji, apende asipende.

Binti yule alilifahamu jambo hilo, na hapa ndipo nilipovutwa na utaratibu wake. Kwanza, kompyuta ile haikuunganishwa na intaneti hata siku moja. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea duniani kwa kupitia ufa katika mifumo ya Windows ambayo haikuwa imepata masahihisho, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Mashine isiyo na mlezi haina kinga, basi njia nyepesi ya kuilinda ni kuifungia ndani. Pili, kila kazi aliinakili katika diski mbili, moja ikikaa ofisini na nyingine nyumbani kwake. Tatu, kwa sababu saa ya mashine ilikuwa imekufa, tarehe ya kila kazi aliiandika kwa mkono katika lile daftari.

Na jambo la nne, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, lilikuwa mtihani. Kila asubuhi, kabla ya kuiuliza mashine habari za kijito chochote cha kweli, aliiuliza habari za mfereji ambao haupo duniani. Nitakueleza mfereji huo, maana hesabu yake mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata. Una umbo la mstatili, upana wake meta 4, na maji yana kina cha meta 2. Eneo la maji basi ni meta za mraba 8. Sehemu ya mfereji inayoguswa na maji, yaani chini na kuta mbili, ni meta 4 na 2 na 2, jumla 8. Gawanya 8 kwa 8, unapata 1. Mteremko ni sentimeta 25 kwa kila meta 100, yaani 0.0025, na kipeuo chake cha pili ni 0.05. Ukwaru wa mfereji ni 0.025. Kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland wa karne ya 19, inasema gawanya 1 kwa ukwaru, unapata 40. Zidisha kwa 0.05, unapata kasi ya meta 2 kwa sekunde. Ile 1 ya awali nayo imo katika kanuni, lakini imechaguliwa kwa makusudi ili isibadili kitu. Zidisha kasi hiyo kwa eneo la 8, unapata meta za ujazo 16 kwa sekunde.

“Mimi jibu ninalo kichwani, ni kumi na sita,” alisema. “Naipa maji ya kumi na sita, yenyewe iniambie kina. Ikisema meta mbili, tunaanza kazi. Ikisema kitu kingine, hata tofauti kidogo, naizima, siku hiyo natumia kalamu.”

Nikamwuliza kama imewahi kumjibu vibaya. Akafungua daftari akanionyesha siku moja iliyopigiwa mstari mwekundu. Siku hiyo jibu lilikuja tofauti. Alitafuta kutwa nzima akagundua kwamba, baada ya umeme kukatika, mipangilio ya mashine ilikuwa imerudi kwenye desturi ya nchi nyingine, ambako nukta ya desimali huandikwa kwa mkato. Tarakimu alizoingiza zilikuwa zikisomwa sivyo. Kama asingelikuwa na mfereji wake wa kubuni, siku ile angeliweza kuandika upana wa kalvati usiotosha, nao ungejengwa.

Lakini kisa hakikuishia hapo, ndugu msomaji, kwa sababu kuna maswali ambayo mashine ya zamani inaweza kujibu, na kuna mengine ambayo haiwezi hata ikiwa nzima. Siku ya pili ya ziara yangu tulikwenda pamoja mahali ambapo kijito hutoka vilimani na kuingia katika uwanda tambarare karibu na mikoko. Njia ya kijiji inapita hapo. Masika, akina mama wanaokwenda kliniki hulazimika kuvua viatu na kubeba watoto mabegani, na shule hufungwa kwa upande wa ng'ambo. Mwenyekiti wa kijiji, mzee wa makamo, alikuwa akitungoja na wenzake.

“Shikamoo mzee,” alisema mhandisi.

“Marahaba mwanangu. Leo tupe kipimo chetu. Mchanga tumekwisha kusomba, mawe yako pale, watu wako tayari kujitolea. Kinachotukwamisha ni karatasi yako tu.”

Yule binti alitembea juu na chini kwa muda mrefu, akapima, akaandika, kisha akarudi. Akasema, “Mzee wangu, hapa sina jibu la kukupa leo. Programu niliyo nayo inajua maji yanayofuata njia moja, kama maji ya mferejini. Hapa maji yakifika yanatawanyika kama uji uliomwagika mezani, yanakwenda kulia, kushoto na kurudi. Nikiiuliza itanijibu, mzee, tena itanijibu vizuri. Lakini jibu lake halitakuwa la mahali hapa.”

Wazee walinuna, na mmoja wao akasema kwa sauti kwamba wasomi siku hizi wanaogopa maji kuliko wavuvi. Nami nakiri kwamba niliwaonea huruma, kwa kuwa masika hayangoji. Lakini mwenyekiti aliinama akachora mchangani kwa kijiti jinsi maji yalivyokwenda wakati wa Hidaya, akimwonyesha binti mahali yalipoingilia na mahali yalipotokea, na binti akainama naye, akanakili mchoro ule katika daftari lake. Kazi ya kijito kile ilipelekwa kwa wenye kompyuta mpya, zenye toleo linaloweza kuyafuata maji kila upande, na mchoro wa mzee ukaenda nao ili jibu la mashine lipimwe kwa kumbukumbu ya watu walioyaona maji. Jibu lilichukua majuma kadhaa. Lilipokuja lilitaka makalvati matatu yaliyotawanywa badala ya moja waliloliombea mchanga.

Usinielewe vibaya kwamba nausifu ufukara. Mhandisi huyo anastahili mashine bora, na kijiji kile hakikustahili kungojeshwa. Ninalosema ni kwamba mashine mpya nayo haikuondolei wajibu wa kuhakiki. Tarehe 23 Agosti 1991, karibu na Stavanger nchini Norwei, msingi mkubwa wa zege uliokuwa ukitengenezwa kwa ajili ya jukwaa la gesi la Sleipner A ulipasuka ulipokuwa ukijaribiwa majini, ukazama moja kwa moja. Hasara ilikadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 700. Wahandisi wa Norwei hawakukosa kompyuta wala programu zenye walezi. Lakini umbo la kuta lilikuwa limegawanywa katika vipande vikubwa mno ndani ya hesabu ya uigaji, na nguvu za kukata ukuta zikaonekana pungufu kwa asilimia 47. Hesabu makini zaidi zilizofanywa baada ya ajali zilionyesha kwamba ukuta wa namna ile ungepasuka kwenye kina cha meta 62. Ulipasuka kwenye meta 65. Jibu sahihi, basi, liliwezekana kupatikana kabla. Lakini lile la kwanza lilikuwa limekwisha kuaminiwa.

Nchi yetu nayo ilipata funzo lake mapema. Kompyuta ya kwanza Tanzania, aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kazi za hesabu zilizokabidhiwa mitambo ya namna hiyo zilileta matatizo makubwa, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku ambayo ilikuja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980. Ni mwaka huohuo wa 1974 ambapo gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, hapohapo wilayani Kilwa. Gesi hiyo ilianza kuja Dar es Salaam mwaka 2004 kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200, na kazi ya namna hiyo haifanyiki bila hesabu za kompyuta. Kwa hiyo tulikataa mashine, kisha tukazihitaji. Nadhani njia tuliyokuwa tukiitafuta tangu mwanzo iko katikati: kuwa na watu wanaoweza kuisuta mashine inapokosea. Mtu wa namna hiyo hutengenezwa darasani, kwa hesabu zinazofanywa kwa mkono hadi zieleweke, kabla mtoto hajapewa kitufe cha kubonyeza.

Sasa, wewe uliye na kompyuta kuukuu nyumbani, usikimbilie kuitupa, wala usiitumie kama hakuna kilichobadilika. Itenge na shughuli za benki na nywila zako za siri. Nakili picha na nyaraka za jamaa mahali pengine wiki hii, usingoje ianze kukohoa. Kama kuna fundi unayemwamini, mwulize kuhusu Linux, mfumo endeshi wa bure ulioanza mwaka 1991, ambao baadhi ya aina zake bado huzitunza mashine zenye umri. Watoto waache wajifunze kuandika na kupiga hesabu juu yake. Na wanapokuletea jibu kutoka katika kompyuta yoyote, mpya au ya zamani, wazoeze kujibu swali moja: umelipimaje?

Swali hilohilo tuna haki ya kuliuliza na nje ya nyumba zetu. Linapojengwa kalvati mtaani kwenu, linapowekwa tangi la maji juu ya nguzo karibu na shule, linapochimbwa shimo la bomba mbele ya mlango wako, hakuna kosa mwananchi kumwuliza mhusika kwa adabu jinsi vipimo vilivyopatikana na nani alivihakiki. Mhandisi mzuri hatakasirika. Pengine atafungua daftari lake akuonyeshe.